Daktari wa Ng'ombe Aliyetuwekea Hewa Kwa Tairi: Soma Stori ya Dunlop Kabla Hujanunua Rimu za 18

Tuseme ni Jumamosi, uko Migori mjini, na doo imeingia. Nje ya duka umeona rimu za inchi 18 zimepangwa, nyeusi, mdomo unang'aa, na kichwani ushaanza kuona Wish yako ikipita stendi watu wakigeuza shingo. Fundi ashakuambia zinaingia bila noma. Bei mmebakisha kidogo mkubaliane.

Tulia. Kabla hujatoa simu utume pesa, wacha nikupe stori ya mzae mmoja wa ndevu ndefu anaitwa Dunlop. Hilo jina umelisoma ubavuni mwa tairi tangu ukiwa mtoi, ukadhani ni kampuni tu. Alikuwa mtu wa nyama na damu. Na hakuwa fundi wa magari, alikuwa daktari wa wanyama. Kitu alichokipa dunia ndicho hicho unataka kukipunguza leo ndio ndai ikae fiti.

Mtoi wa kubembelezwa

John Boyd Dunlop alizaliwa tarehe 5 Februari 1840, kijiji cha Dreghorn kule Ayrshire, Scotland. Watu wao walikuwa wakulima. Nyumbani walimwambia alizaliwa miezi miwili kabla ya wakati, kwa hivyo akakua akijichunga sana, akiamini mwili wake si wa kazi za sulubu.

Kichwa lakini kilikuwa kizima. Akasomea udaktari wa wanyama Edinburgh na akafuzu akiwa na miaka 19. Mimi nikiwa 19 nilikuwa nishakosana na chuo, lakini hiyo ni stori ya siku ingine.

Alifanya kazi Scotland karibu miaka kumi, kisha 1867 akavuka bahari kwenda Ireland, akaanza na mji wa Downpatrick. 1871 akaoa Margaret Stevenson, wakapata msichana na kijana. Baadaye akahamia Belfast, na katikati ya miaka ya 1880 kliniki yake ilikuwa kati ya zile kubwa kabisa Ireland. Farasi ndio waliokuwa matatu na lori za wakati huo, kwa hivyo daktari wa farasi alikuwa msee muhimu sana mjini. Angekaa hapo hapo na pesa yake, na leo hakuna mtu Migori angemjua.

Baiskeli ya Johnny

1887 kijana wake, Johnny, alikuwa mtoi wa karibu miaka kumi na alikuwa na baiskeli ya magurudumu matatu. Tairi za siku hizo zilikuwa mpira mgumu tupu, hakuna hewa ndani. Barabara za Belfast zilikuwa za mawe yaliyopangwa. Wewe ushawahi kubebwa na mkokoteni kwa barabara ya murram unajua hiyo raha. Meno yanagongana na mgongo unalia.

Dunlop akaanza kuwaza. Kama daktari, alikuwa amezoea kushika mpira na mirija, na mikono yake ilijua kushona na kubandika. Akachukua kipande cha mbao cha duara, akatengeneza mrija wa mpira mwembamba, akaufunga kuzunguka ile mbao kwa kitambaa cha kitani, kisha akaujaza hewa kwa pampu ya mpira wa miguu.

Jaribio lake hata wewe unaweza kulifanya uani. Alichukua gurudumu la baiskeli ya Johnny lenye mpira mgumu, akalisukuma uani. Likabingirika kidogo, likalala. Akachukua ile mbao yake yenye hewa, akaisukuma vile vile. Ikavuka ua wote, ikagonga nguzo ya geti, ikadunda ikirudi.

Tofauti ilikuwa hewa peke yake. Gurudumu gumu likikutana na jiwe lazima lipande juu yake na kubeba uzito wote lipande nao, halafu lianguke upande wa pili. Kila jiwe linakula nguvu. Tairi ya hewa inalimeza jiwe. Mpira unabonyea, jiwe linaingia, gari linapita likiwa karibu sawa na lilivyokuwa. Ndio maana tairi laini ilikwenda mbali kuliko ngumu, jambo ambalo watu wengi wangekubishia.

Mwisho wa Februari 1888 baiskeli ya Johnny ilikuwa tayari na tairi za hewa na mtoi akaingia nayo barabarani. Tarehe 7 Desemba mwaka huo huo Dunlop alikuwa na hataza mkononi, ile karatasi ya serikali inayosema uvumbuzi huu ni wako.

Walicheka mpaka mbio zikaanza

Sasa hapa ndio stori inakuhusu wewe na rimu zako. Tairi za Dunlop zilikuwa mbaya kwa macho. Zilikuwa nene, zimevimba, zinakaa kama matumbo ya ng'ombe yamezungushwa kwa gurudumu. Waendesha baiskeli wa Belfast walikuwa watu wa swagi, na tairi nyembamba ngumu ndizo zilikuwa mtindo. Walipoona zile nono, wakacheka.

Jamaa mmoja hakucheka. Willie Hume, kapteni wa klabu ya baiskeli ya mji huo, alinunua baiskeli yenye tairi hizo. Tarehe 18 Mei 1889 akaingia nayo kwa michezo ya Queen's College, Belfast. Mbio za baiskeli zilikuwa nne. Akabeba zote nne. Kicheko kikakauka.

Kati ya wale waliolambishwa vumbi walikuwa vijana wa Harvey du Cros, tajiri wa Dublin na rais wa chama cha waendesha baiskeli Ireland. Mzae huyo hakununa. Aliangalia tairi iliyowashinda vijana wake, akaona doo. Mwaka huo huo kampuni ya kutengeneza tairi za hewa ikaanzishwa Dublin, du Cros akiendesha mambo, Dunlop akiachia hataza yake na kupewa hisa.

Miaka michache baadaye magari nayo yakafuata. Mwaka wa 1895 ndugu wawili wa Ufaransa, André na Édouard Michelin, waliingiza gari lenye tairi za hewa kwa mbio za Paris kwenda Bordeaux na kurudi. Walipata panchari kibao njiani, lakini ndai ilifika. Baada ya hapo tairi za hewa zikaanza kushika kwa magari.

Pesa ilipita kando yake

Unadhani Dunlop aliomoka? Skia hii. Karibu miaka miwili baada ya kupata hataza, aliambiwa haina nguvu. Kumbe Mskoti mwenzake, Robert William Thomson, alishaandikisha wazo la tairi ya hewa 1845, akalijaribu kwa magari ya farasi London. Thomson alikuwa mbele ya wakati: baiskeli hazikuwa zimeshika, magari hayakuwepo, na mpira ulikuwa ghali. Wazo likalala, yeye akafa 1873, na dunia ikasahau. Dunlop hakuwa ameiba kitu, hakujua tu.

Kampuni ilibaki sokoni kwa sababu ilinunua hataza za watu wengine, hasa zile za kushikilia tairi kwa rimu ili mtu aweze kuivua na kuziba panchari. Dunlop mwenyewe hakupenda kelele za biashara, na 1895 akatoka. Mwaka uliofuata, 1896, kampuni ikauzwa kwa pauni milioni 3, na mnunuzi akageuka akaiuza tena kwa milioni 5. Manze, fikiria uko kwako Dublin unasoma hiyo kwa gazeti. Jina ni lako na pesa ni ya wengine. Mzae akaendelea na maisha, akawa na sehemu kwa biashara ya duka la nguo.

Damu iliyokuwa ndani ya mpira

Kuna sehemu ambayo matangazo ya tairi huruka, na sisi watu wa upande huu wa dunia hatufai kuiruka. Baiskeli zilipokamata Ulaya na Marekani miaka ya 1890, kisha magari, viwanda vilitaka mpira mwingi haraka. Mashamba ya mpira ya Asia yalikuwa hayajakomaa. Mpira wa mwitu ulikuwa Amazon na kwa misitu ya Kongo.

Kongo ilikuwa mikononi mwa Leopold wa Pili, mfalme wa Ubelgiji, tangu 1885, kama shamba lake binafsi, na hakuwahi kukanyaga huko hata siku moja. Kila kijiji kilipewa kiasi cha mpira cha kuleta. Wanaume waliingia msituni kugema utomvu wa mitambaa, wake zao wakishikwa mateka mpaka kikapu kijae. Kikikosa kujaa, askari walipiga risasi, na kwa sababu walitakiwa kueleza kila risasi imeenda wapi, walikata mikono ya watu na kuirudisha kama risiti. Mikono ya watoto ilikuwemo.

Mtu aliyeandika ripoti iliyoamsha dunia, mwaka wa 1904, ni Roger Casement, balozi mdogo wa Uingereza Kongo. Sehemu ya utoto wake ilikuwa Antrim, jirani kabisa na Belfast ya Dunlop. Mmoja alitoka pande hizo na tairi, mwingine akatoka pande hizo kwenda kuhesabu gharama yake. Mwaka wa 1908 Leopold alinyang'anywa Kongo na serikali yake mwenyewe.

Dunlop hakumtuma mtu kukata mkono. Alitaka tu mtoto wake aendeshe bila kuumia. Lakini mpira ambao sisi tunauchezea ili gari likae sawa kwa TikTok, kuna watu waliulipia kwa miili. Angalau tuutumie kwa akili.

Tulivyojifunza ndani ya shimo

Turudi nyumbani. Binamu yangu aliweka rimu za 18 kwa Wish yake, tairi za ukuta mfupi, zile loprofaili. Zilikuwa moto, siwezi kudanganya. Wiki ya pili tukatoka Migori alfajiri kwenda matanga Homa Bay, watu watano ndani, shangazi akiwa mbele. Tukapita Uriri, Awendo, Rongo, tukakunja kushoto kuelekea Rodi Kopany. Usiku kulikuwa kumenyesha, na shimo likijaa maji linafanana na lami.

Tulisikia mlio mmoja kama bunduki. Tairi ya mbele kushoto iligongwa kati ya rimu na ukingo wa shimo, ukuta ukapasuka, rimu ikafanya ufa. Gari likavutwa kando, binamu akapigana na usukani mpaka tukasimama nusu mtaroni. Trekta la miwa lilikuwa limetupita sekunde chache kabla. Shangazi alishuka, akakaa kwa nyasi na mkoba wake mapajani, na hakusema neno na binamu mpaka jioni. Maiti tulikuta ishazikwa.

Sasa piga hesabu nami. Tairi ya kawaida ya Wish imeandikwa 195/65R15. Hiyo 195 ni upana kwa milimita. 65 ni urefu wa ukuta kama asilimia ya upana, yaani karibu milimita 127. R ni aina ya nyuzi za ndani, na 15 ni inchi za rimu. Ukipanda mpaka 215/40R18, kimo cha gurudumu lote kinabaki karibu sawa, milimita 634 kwa 629, kwa hivyo kweli inaingia. Lakini ukuta umeshuka kutoka milimita 127 hadi 86. Umetupa thuluthi ya mto wa hewa ambao Dunlop aliutengeneza, na nafasi yake umeweka chuma. Shimo ni lile lile.

Ukitaka kubadilisha, badilisha, lakini uliza haya kwanza

Sikukatazi kupendeza. Rimu pana kiasi na tairi nzuri zinashika kona vizuri na breki zinapata hewa. Kwa barabara za huku, kupanda inchi moja, labda mbili, kunatosha. Mengine angalia hivi:

Matundu ya nati. Wish ina nati tano kwa duara la milimita 100. Impreza nyingi za zamani pia ni hivyo hivyo, ndio maana fundi atakuambia rimu za Subaru zinaingia. Zinaingia kweli, lakini tundu la katikati la Subaru ni milimita 56.1 na habu ya Wish ni 54.1. Hiyo nafasi ya milimita 2 ndio inafanya usukani utetemeke ukifika 80. Dai pete ya kujaza hapo katikati. Ni kitu kidogo na bei yake ni ndogo.

Uzito. Baada ya saizi kuna namba kama 91. Hiyo ni mzigo: 91 ni kilo 615 kwa tairi moja, 85 ni kilo 515. Kama Wish yako hubeba watu saba na magunia ya omena kutoka Mbita, usishuke chini ya namba ambayo gari lilikuja nayo.

Umri. Tafuta namba nne za mwisho kwenye maandishi yanayoanza na DOT. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi ya mtumba inaweza kuwa na meno marefu na mpira umeshakauka kama ngozi ya ngoma. Ukiona nyufa ndogo ubavuni, achana nayo hata wakikupa bure.

Kufunga. Nati zikazwe kwa kurukia upande wa pili, kama kuchora nyota, si kwa kuzunguka duara. Gari likiwa chini zikazwe tena kwa spana, kisha uzirudie baada ya kilomita 50 hadi 100. Usiondoke bila kubalansi na kupanga magurudumu.

Hewa. Pima asubuhi gari likiwa baridi, na ufuate kibandiko kilicho kwa mlango wa dereva. Tairi ya ukuta mfupi ikipungua hewa kidogo tu, rimu inakutana na lami. Na spea iwe na kimo sawa na zingine, usije ukabaki Rodi Kopany saa tatu usiku na gurudumu la baiskeli.

Binamu yangu alirudisha 15. Rimu tatu zilizobaki bado ziko nyuma ya nyumba yao, kuku wanalalia moja.

Mwisho wa mzae

Dunlop alizeeka Dublin, watu wakimjua kwa ndevu zake nyeupe kwenye matangazo ya tairi ambazo hazikuwa tena zake. Alifariki huko tarehe 23 Oktoba 1921 akiwa na miaka 81, akazikwa Deansgrange. Kwa mtoi aliyeambiwa mwili wake ni dhaifu, hiyo ni safari ndefu.

Miaka mingi baadaye benki moja ya Ireland Kaskazini iliweka sura yake kwa noti ya pauni 10. Jamaa ambaye doo ilimpita kando akaishia kuwa kwa doo yenyewe.

Lakini kumbukumbu yake ya kweli iko karibu na wewe. Ukitoka hapo dukani angalia boda zinazopita, lori za miwa, hata akala kwa miguu ya mzee anayevuka barabara, zilizokatwa kutoka kwa tairi iliyomaliza kazi. Kisha rudi kwa zile rimu za 18, uweke vidole kwa ukuta wa tairi yake, uone kama mkono wako unaenea hapo. Ukiona vidole vitatu tu ndio vinatosha, kumbuka kuna mtoi Belfast alipewa tairi nono, zikachekwa, na zikashinda mbio zote nne.